Katanga: shaba, reli na watu walioletwa na kazi

Anayefuata taarifa za habari katika Afrika Mashariki huijua Kongo kwa majina ya Goma, Bukavu na Beni, yaani vita, wakimbizi na koltani. Katanga ni kwingine kabisa. Migodi yake iko karibu kilomita 1,000 au zaidi kusini mwa Goma, imepakana na Zambia, na utajiri wake ni wa aina nyingine. Hata magazeti makubwa huchanganya koltani na kobalti, kwa hiyo tuanze kwa kuzitenganisha. Koltani hutoka hasa Kivu na hutoa tantalumu, inayotengenezewa vijenzi vidogo vya simu. Kobalti hutoka Katanga, huwekwa kwenye betri za simu na za magari ya umeme, na kwa kawaida haipatikani peke yake: inaandamana na shaba. Shaba ndiyo iliyoijenga Katanga, na kobalti imepanda mgongoni mwake.

Wengi wanaoielezea Katanga huanza na mashimo: ukubwa wake, tani zake, thamani yake. Mimi naona mashimo hayatoshi. Mambo mawili ndiyo yanayoifungua historia ya eneo hili: njia ya kuifikisha shaba baharini, na kambi alimoishi mfanyakazi. Wafalme, makampuni na marais wamepigania njia. Lugha, muziki, dini na michoro ya Katanga vimetoka kambini.

Mwamba mmoja, nchi mbili

Mwamba wenye shaba umejipinda kama upinde. Unaanzia Kolwezi upande wa magharibi, unapita Fungurume, Likasi na Lubumbashi, kisha unavuka mpaka na kuingia Zambia kuelekea Chingola, Kitwe, Mufulira na Luanshya. Mwendo wote huo ni karibu kilomita 500. Ni mashapo yaliyotulia majini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yakapenywa na maji ya chumvi yaliyobeba madini, kisha yakakunjwa na nguvu za ardhi. Juu yake kuna uwanda wa miombo wenye hewa ya wastani. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na Kolwezi juu zaidi. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili.

Katikati ya miombo hiyo huonekana vilima vipara, vyenye nyasi na maua madogo tu. Shaba ikizidi kwenye udongo ni sumu kwa miti, na mimea iliyozoea sumu hiyo ndiyo inayobaki. Wachimbaji wa kale walivisoma vilima hivyo vizuri. Wanajiolojia wa Kizungu walipofika mwishoni mwa karne ya 19, karibu kila mahali walipopatia jina la ugunduzi walikuta mashimo ya wenyeji yamekwisha kuchimbwa.

Ipo tofauti moja ya kijiolojia inayoeleza mengi. Upande wa Katanga, maji ya mvua na hewa vimeulainisha mwamba wa juu kwa muda mrefu sana, shaba ikageuka malakiti ya kijani na kobalti ikageuka heterojeniti, jiwe jeusi kama masizi. Mtu mwenye sululu na mtarimbo anaweza kuyafikia. Upande wa Zambia sehemu kubwa ya shaba iko chini zaidi, imeshikana na salfa, na haifikiki bila mashimo marefu, pampu na lifti. Ndiyo maana upande huo ulidharauliwa hadi miaka ya 1920, utafiti wa kina ulipoonyesha kilichokuwa chini. Ndiyo maana pia maafa yake ni ya namna nyingine: mwaka 1970 tope la taka za madini liliporomokea ndani ya mgodi wa Mufulira na kuua watu 89. Na ndiyo maana leo wachimbaji wa mikono, wanaohesabika kwa makumi ya maelfu, wako hasa upande wa Kongo.

Kemia nayo imezifunga pande hizi mbili pamoja. Siku hizi shaba ya juu kwa kawaida haiyeyushwi motoni; huloweshwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme huikusanya kuwa mabamba safi. Zambia, inayoyeyusha shaba yenye salfa, hupata asidi hiyo kama zao la pembeni na kuiuza Katanga. Malori ya asidi yanapokwama mpakani Kasumbalesa, viwanda vya Likasi na Kolwezi huhisi mara moja.

Misalaba ya shaba na mfalme kutoka Unyamwezi

Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, watu wa hapa walijua kuyeyusha. Malakiti ilikusanywa wakati wa kiangazi, kazi za mashamba zilipopungua. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likalishwa mkaa wa miombo na kupulizwa kwa mivukuto. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kalibu za mchanga na kutoka ikiwa misalaba. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mbali kaskazini mwa migodi, wanaakiolojia waliikuta misalaba hiyo kando ya mifupa ya marehemu. Kadiri karne zilivyosonga ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, dalili kwamba ilikwisha kuwa fedha. Watu wa Sanga hawakuwa na migodi kwao. Shaba iliwafikia kwa biashara.

Biashara hiyo ndiyo iliyomleta Msiri. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Katikati ya karne ya 19 alihamia Katanga na wafuasi wake, walioitwa Wayeke, akajenga dola la Garenganze lenye makao makuu Bunkeya. Alichokielewa Msiri kuliko watangulizi wake ni thamani ya kukaa katikati ya bahari mbili. Shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa vilitoka kwake kwenda pwani ya mashariki na pia kwenda Benguela upande wa Atlantiki, na bunduki na vitambaa vikarudi. Alitawala kwa mkono mzito, na kufikia mwaka 1891 Wasanga (si wale wa makaburi ya Sanga) waliokuwa chini yake walikuwa wameasi.

Mwaka huohuo misafara ya Ulaya ilikuwa mbioni kumfikia. Kampuni ya Mwingereza Cecil Rhodes ilikuwa imemtaka asaini mkataba, akakataa. Leopold wa Pili wa Ubelgiji akatuma msafara ulioongozwa na William Stairs, ukianzia pwani yetu na kuwa na mamia ya wapagazi na askari waliokodishwa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba 1891, katika mabishano juu ya bendera, ofisa wa msafara huo aitwaye Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamuua, naye akapigwa risasi akafa. Kwa tukio hilo Katanga ikawa ya Leopold, na kilichobaki kusini kikawa cha Rhodes. Mpaka uliokubaliwa baadaye ulifuata mgawanyo wa maji, kati ya mito inayokwenda Kongo na ile inayokwenda Zambezi. Hakuna aliyeuliza mwamba umepita wapi.

Kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini, iliyoanzia Cape Town, iliufikia mji mpya wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kwanza likatoa shaba. Hebu tutazame maana ya mfuatano huo. Koloni lilikuwa la Wabelgiji, lakini makaa ya mawe, mashine, sehemu kubwa ya vibarua na hata magazeti vilitoka Rhodesia ya Waingereza. Serikali ya Brussels iliogopa kwamba imeshika bendera tu.

Vibarua wa mwanzo walikufa kwa wingi, kwa nimonia, kuhara, homa ya matumbo na ajali, na waliosalimika wengi walitoroka. Kampuni ikaanza kutafuta watu mbali zaidi: Kasai katikati ya Kongo, Rwanda, Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mbinu kabisa. Badala ya kuwachukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga nyumba, zahanati, shule na makanisa. Chakula kiligawiwa kwa wiki; Katanga wanauita mgao huo mposho. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni chini ya wamisionari, na akikua aliingia kazini palepale alipofanya kazi baba yake. Wafanyakazi waliizungumzia kampuni kama baba na mama, na si kwa kejeli.

Malezi hayo yalikuwa na fimbo ndani yake. Desemba 1941, vita ya dunia ikiwa imepandisha bei za vitu na uzalishaji ukiwa umezidishwa, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Mjini Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa. Mtu hawezi kuielewa Katanga akiukumbuka mposho wa kambi na kuusahau uwanja huo, wala akiukumbuka uwanja na kuusahau mposho. Wazee waliokulia kambini huvishika vyote viwili.

Kambi ndiyo iliyokipandisha Kiswahili. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa imekileta, lakini kilichokifanya kuwa lugha ya mji ni kazi. Mluba wa Kasai, Mbemba, Mrundi na Msanga walihitaji lugha moja mbele ya mashine, na wakuu wa kampuni nao walitaka lugha isiyo ya upande wa Rhodesia. Kikapatikana Kiswahili cha Lubumbashi, kilichochanganyika na Kifaransa na Kiluba, chenye sarufi yake na utani wake. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa hukisikia kama Kiswahili kilichovunjika. Hukumu hiyo si ya haki. Ni lugha ya mama ya watu wengi kwa vizazi kadhaa sasa, wakati pwani ikiendelea kudhani kwamba inaimiliki lugha peke yake.

Dini nayo ilibadilika kambini. Katika miaka ya 1950, kwenye kambi ya Ruwe karibu na Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels pamoja na wafanyakazi na wake zao walianzisha kundi lililoitwa Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakajifunza kwa mazungumzo marefu ya Kiswahili kuhusu upendo, uzazi na umoja. Kwa watu waliotengwa na ukoo na makaburi ya wazee wao, haikuwa ajabu kwamba udugu mpya uliwagusa kiasi hicho, hadi maaskofu wakaanza kuuhofia.

Kisha kuna gita. Mwenda Jean-Bosco, mwenye asili ya Bunkeya, alirekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi, na Hugh Tracey aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika. Upigaji wake wa vidole viwili uliigwa na wapiga gita wa Kenya kwa miaka mingi baadaye, na sikio lililozoea muziki wa zamani wa Afrika Mashariki litaitambua Katanga ndani yake. Upande wa uchoraji, Tshibumba Kanda Matulu alichora katika miaka ya 1970 historia nzima ya nchi yake, picha zipatazo 100, kwenye vitambaa vya magunia ya unga: Msiri, Lumumba, wagomaji, matanuri. Picha za aina hiyo zilitundikwa sebuleni mwa watu wa kipato cha kawaida ili wageni wazizungumzie. Naziona kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za kihistoria zilizofanywa Afrika ya Kati, na hazikutoka chuo kikuu.

Mpira nao ulistawi mjini. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini wa Elisabethville. Imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan mabao 3-0.

Urani, kujitenga na kufilisika

Shinkolobwe, karibu na Likasi, kulikuwa na urani yenye ukolezi ambao haujaonekana mahali pengi duniani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, aliihamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la kwanza la atomiki la Marekani ilitoka huko. Waliolichimba jiwe hilo kwa mikono hawakuambiwa ni la nini.

Kwa eneo lenye thamani ya kiasi hicho, uhuru haungekuja kwa amani. Tarehe 11 Julai 1960, chini ya wiki mbili baada ya Kongo kuwa huru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga, akiungwa mkono na Ubelgiji na kampuni iliyomlipa kodi yeye badala ya serikali ya Léopoldville, sasa Kinshasa. Bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliletwa Elisabethville na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Septemba mwaka huo ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kukutana na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola. Kujitenga kulikomeshwa Januari 1963.

Rais Mobutu aliitaifisha migodi mwaka 1967, na kampuni ya serikali iliyoirithi ikaja kujulikana kama Gécamines. Ilirithi pia zahanati, shule na mposho. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Lakini fedha zilikwenda Kinshasa bila kurudi kwenye matengenezo. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji wa miji. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa mkoa waliwachochea watu dhidi ya majirani zao wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na kampuni, na mamia ya maelfu yao walifukuzwa na kusubiri treni wakilala kwenye vituo vya reli. Uzalishaji ulianguka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 ambao mishahara yao ilikuwa imelimbikizwa kwa miezi mingi waliachishwa kwa malipo ya mkupuo, chini ya mpango wa Benki ya Dunia.

Hapo ndipo uchimbaji wa mikono ulipofurika. Baba aliyekuwa fundi wa umeme alikosa ada ya shule, mwanawe akachukua sululu. Mwaka 2014 ilipojulikana kwamba mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, umejengwa juu ya kobalti, watu walichimba ndani ya nyumba zao, chini ya vitanda. Mawe huuzwa kwa madalali kwenye masoko kama Musompo, ambako mnunuzi ndiye mwenye mizani na ndiye mwenye kipimo cha ubora. Utafiti uliofanywa na madaktari wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakazi wa karibu na migodi, na watoto wa Kasulo walikuwa nayo kuliko watu wazima.

Nani anapata nini

Kongo leo ni ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile, na inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote. Migodi mikubwa imo mikononi mwa makampuni ya nje: CMOC ya China iko Tenke Fungurume, Glencore iko Kolwezi, Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China ziko Kamoa-Kakula. Gécamines mara nyingi ina hisa chache kuliko mwenzake katika ubia wa namna hiyo, kwa sababu ilipokuwa hoi ilileta mezani ardhi yenye madini na mwenzake akaleta mtaji.

Sheria ya 2018 ilibadilisha baadhi ya hesabu. Mrabaha wa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na wa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, ukafika 10. Serikali kuu huchukua nusu ya mrabaha, mkoa robo, tarafa yenye mgodi asilimia 15, na kilichobaki ni cha mfuko wa vizazi vijavyo. Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri kuliko wa nchi nyingi. Ugumu uko kwenye usimamizi: tarafa isiyo na mhasibu inaweza kupokea mamilioni ya dola bila wananchi kujua yalitua wapi. Tangu 2015 Katanga yenyewe imegawanywa kuwa mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi ya shaba na kobalti imebaki katika miwili ya kwanza, na miwili ya pili ikabaki na barabara mbovu. Naiona hiyo kuwa dhuluma ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Bei ya kobalti ilipokuwa chini sana, Februari 2025, serikali ilisimamisha kabisa usafirishaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaweka kiwango maalumu kwa kila kampuni. Ni mara chache mzalishaji wa Afrika kuushika mpini wa soko lake namna hiyo.

Lakini mpini mwingine, njia, bado uko kwa wengine. Reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito nchini Angola na iliyofika mpakani mwa Kongo mwaka 1929, ilikatwa na vita ya Angola mwaka 1975. Mwaka huohuo China ilikamilisha TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia iache kutegemea reli za kusini zilizodhibitiwa na walowezi. Reli zilipodhoofika, shaba ya Katanga ilihamia kwenye malori, yanayopanga foleni Kasumbalesa na Tunduma kuelekea Dar es Salaam, au kushuka hadi Durban. Sasa mashindano yamerudi relini. Marekani inakopesha fedha kwa ajili ya njia ya Lobito. Rais wake wa wakati huo, Joe Biden, alikwenda Angola mwenyewe Desemba 2024. China imejifunga kuifufua TAZARA, na makubaliano ya awali yalisainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania na Zambia. Upande wa Angola reli ilikwisha kujengwa upya hadi mpakani. Kipande kinachosumbua ni cha Dilolo hadi Kolwezi, mali ya shirika la reli la Kongo, SNCC, ambako njia ni chakavu na treni hutambaa, na ambako bado haijaamuliwa kwa uwazi ni nani atakayelipa gharama ya matengenezo na nani atakayekusanya nauli.